"Achari kali": ukali wa embe, ukali wa pilipili, au kali ya vijana?

bizari_malindi

Asalaam aleikum wanajamvi. Swali langu ni la neno moja tu, lakini limekwamisha kazi nzima.

Kuna chupa za achari ya embe, gramu 250 kila moja, zinangoja vibandiko. Nyingi zitauzwa hapa hapa Malindi, nyingine zitavuka Mokowe kwenda Lamu, na katoni kadhaa zitapanda basi la Nairobi. Kijana anayechora vibandiko ameandika ACHARI KALI kwa herufi nyekundu, na maana yake yeye ni achari bora, achari ya kutajika. Wenye maduka wa hapa wakisoma wanaelewa achari iliyokolea ukali wa embe bichi. Wa Nairobi wanaelewa pilipili, na swali lao la kwanza ni kama mtoto anaweza kuila.

Je, kuna neno litakalotenga ukali wa embe na ukali wa pilipili bila kumchanganya mnunuzi? Mmoja amependekeza "achari chachu", nami moyo hautulii. Halafu ni "embe makali" au "embe kali"? Na hiyo kali ya vijana, imeenea kiasi cha kuandikwa kwenye chupa ya chakula?

jiko_la_langoni

Wa aleikum salaam. Wote watatu wamesoma sawa, na hapo ndipo penye tabu. Kali si jina la ladha moja. Ni kila kinachouma mwili mfano wa kisu, kwa hiyo ukitaka kuzitenga kali za jikoni uliza: yauma wapi?

Ikiuma menoni, meno yakaingia ganzi na mate yakajaa chini ya ulimi, hiyo ni kali ya embe bichi, ndimu, ukwaju, siki na unga wa ubuyu. Hii ni asidi. Ikiuma midomoni na ulimini, na kila ukingoja yazidi, hiyo ni ya pilipili. Ikipanda puani, ikakutoa machozi kisha ikakata baada ya pumzi mbili tatu, ni ya haradali, kitunguu kibichi au thomu. Ikishuka kooni ikapasha kifua, ni ya tangawizi na pilipili manga. Huku Amu, yaani Lamu, mtu akisema "embe hizi kali", hakuna anayefikiri pilipili. Pilipili husemwa "yawasha".

Mpishi anatakiwa azijue kwa sababu hazitulizwi kwa dawa moja. Ukali wa embe na ndimu hauishi motoni, utapika mpaka kesho na asidi iko pale pale. Hupunguzwa kwa sukari au kwa tui. Ukali wa kitunguu huisha motoni kabisa, na kwenye kachumbari huondolewa kwa chumvi: kata vyembamba, fikicha na kijiko 1 cha chai cha chumvi, wacha dakika 10, suuza mara 2, kamua, ndipo utie ndimu. Ukali wa pilipili hauyeyuki majini, huyeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana mtu aliyeungua mdomo akinywa maji husambaza moto, akinywa maziwa au mtindi hupoa. Na ukitaka kuupunguza kabla ya kupika, kutoa mbegu peke yake hakutoshi. Ukali umelala kwenye ule utando mweupe unaozishika mbegu, ukwangue wote. Tangawizi nayo ikikauka huzidi, kwa hiyo usibadilishe mbichi kwa unga kipimo kwa kipimo.

Sasa achari yako. Chupa moja ina kali tatu kwa pamoja: embe, pilipili na haradali. Kipimo cha kawaida kwa kilo 1 ya embe bichi, lile ambalo kokwa yake bado yakatika kwa kisu:

chumvi vijiko 3 vya kulia, embe lianikwe juani siku 2 chini ya wavu. Haradali iliyotwangwa vijiko 2 vya kulia. Uwatu kijiko 1 cha chai, upashwe moto kidogo tu, ukiungua unakuwa mchungu na uchungu huo hautoki. Manjano kijiko 1 cha chai. Pilipili ya unga kijiko 1 cha kulia kwa achari ya upole, 3 kwa ya kuwasha. Mafuta yaliyopashwa moto yakapoa, yafunike embe kwa upana wa kidole.

Kinachoharibu zaidi ni maji. Kijiko kibichi kikiingia chupani, au kipande kikichungulia juu ya mafuta, koga itaota hapo hapo. Kwa chupa za kuuza pima asidi pia: pH lazima iwe chini ya 4.6, na ni salama zaidi ukiishusha hadi 4 au chini yake. Vikaratasi vya kupimia vinatosha. Ikiwa embe halikufikisha, ongeza ndimu au siki.

Na jambo linalosahauliwa na wengi: usiandike kibandiko kwa kuonja siku ya tatu. Haradali mpya ina ukali wa puani na uchungu kidogo, na vyote viwili hutulia. Pilipili hufanya kinyume, kila siku yazidi kuingia kwenye mafuta. Onja baada ya wiki 3, ndipo uamue ni kali ipi iliyotawala.

maalim_sarufi

Mwenzetu wa Langoni amelishika neno penye mzizi wake. Mimi niongeze upande wa sarufi, maana ngeli ndiyo inayosaidia kutenga maana hizi, na ndiyo inayovurugwa zaidi.

Kali ni kivumishi kinachochukua kiambishi cha ngeli: mtu mkali, mchuzi mkali, kisu kikali, visu vikali (kwa Kiamu *zisu zikali*), maneno makali, harufu kali. Jua na njaa huko Lamu ni *yua* na *ndaa*, lakini kali haibadiliki: *yua kali, ndaa kali*. Kuhusu embe, zipo njia mbili na zote ni sahihi. Ukiliweka ngeli ya LI-YA utasema embe hili kali, maembe haya makali. Ukiliweka ngeli ya I-ZI, kama wasemavyo wengi wa pwani, utasema embe hii kali, embe hizi kali. "Embe makali" haimo popote, ni ngeli mbili zimefungwa kamba moja.

*Makali* lina maisha yake pia kama jina. Ni ule ukingo wa chuma unaokata, pale unapopitisha kidole gumba ukiangalia kama kinoo kimefanya kazi. Kisu kisicho nao ni butu. Kutoka hapo ndipo tukapata makali ya njaa, makali ya ukame, na dawa za kupunguza makali ya virusi. *Ukali* ni sifa, *makali* ni pale panapokata. Ndiyo sababu tunasema "ukali wa ndimu" na si "makali ya ndimu", ndimu haina ukingo.

*Vikali* ni kielezi, na magazeti yanakipenda mno: alikanusha vikali, walilaani vikali. *Kukalipia* kumetoka humu humu, yaani kumtolea mtu maneno makali. Lakini *kukalia* hakumo katika ukoo huu, hilo ni la kukaa. Wanafunzi wa lugha huvichanganya.

Kwa wanaofasiri kazi za hospitali: kali inasimama dhidi ya sugu. Kikohozi kikali ni kilichopamba moto, kikohozi sugu ni kilichokaa muda mrefu, hata kama ni cha taratibu. Mgonjwa aweza kuwa na ugonjwa sugu usio mkali. Ukikosea hapo, daktari na mgonjwa wanazungumzia maradhi mawili tofauti.

Kwa watu, tazama neno linalofuata. *Mkali kwa* wanafunzi ni mwalimu asiyecheka. *Mkali wa* hesabu ni bingwa wa hesabu. Herufi chache tu, na sifa imegeuka. Jicho kali nalo ni la namna mbili, lionalo mbali na litishalo, na methali imeyakusanya yote: *ukali wa jicho washinda wembe*.

bizari_malindi

Shukran sana maalim, na mwenzangu wa Langoni. Hilo la wiki 3 linabadilisha ratiba yote, lakini ni haki. Embe na haradali zimenikaa vizuri. Bado "chachu", na bado kijana wangu wa vibandiko, ambaye hakubali kirahisi. Anasema "kali" ndilo neno linalouza.

barani_online

Niseme kwa upande wa vijana, kwa sababu neno hilo lina taratibu zake mitaani, halitupwi ovyo.

Maana ya kwanza ni ubora: ngoma kali, viatu vikali, mchezaji mkali. Tanzania wamelifanya jina kabisa, mkali wa muziki, wakali wa mji. Maana ya pili ni mshangao. "Hii kali!" haisifu kitu, inasema jambo limepita kiasi, liwe zuri au baya. "Kali ya leo" au "kali ya mwaka" ni kituko kilichozidi vituko vyote. Atakayetaka kuzidisha kwa lugha ya Nairobi atasema "kali ile mbaya", na mbaya hapo haina ubaya wowote, ni kama kusema mno.

Sasa angalieni ngeli, nikimuunga mkono maalim. Kwa Kiswahili cha vitabu ni *kitu kikali*. Kwa Sheng ni *kitu kali*, bila kiambishi. Huo si uvivu wa ulimi tu, umekuwa alama. Kisu kikali kinakata. "Kisu kali" kinywani mwa kijana wa mjini ni kisu cha kuvutia, huenda hata hakikati. Lakini kwa maneno ya ngeli ya I-ZI, kali haichukui kiambishi hata kwa Kiswahili sanifu: ngoma kali, nguo kali, achari kali. Alama ile imepotea hapo, msomaji hana cha kushika ila kitu chenyewe. Ngoma hailiwi, basi kali ni sifa. Achari inaliwa, basi kali ni ladha. Mchoraji wako amechagua neno zuri akaliweka mahali ambapo haliwezi kusikika anavyotaka.

Biashara ina mfano mwingine: *ofa kali* humvuta mteja, *bei kali* humfukuza. Kivumishi ni kile kile. Anayechora matangazo inafaa alijue hilo kabla ya kuchagua rangi.

Kuna chakula kimoja ambacho kali ya mtaani inakaa vizuri, pilau. Kijana akisema "pilau kali" anaeleweka anasifu, kwa sababu pilau haitarajiwi iwe na ukali wa menoni wala wa midomoni. Achari, mabuyu na embe la kukatwa la kando ya barabara, lile la chumvi na pilipili, vyote vinatarajiwa viwe vikali, kwa hiyo ladha inashinda kila mara.

kotama_na_kibuyu

Kwenye "chachu" nimesimama hapa. Tafadhali usiliandike.

Darasani Kenya watoto hufundishwa kuwa chachu ni ladha ya ndimu. Sawa, kamusi inaruhusu. Lakini kwa watu wa pwani neno hilo limeshikana na kuchacha: wali umechacha, mchuzi umechacha, yaani umeharibika, umwagwe. Chachu pia ni kile kinachoumua unga. Mnunuzi wa Malindi akisoma "achari chachu" atageuza chupa atafute tarehe ya mwisho.

Wagema, wale wanaogema tembo la mnazi, wanazitenga hali hizi vizuri kuliko vitabu, na hapa Malindi na vijijini nyuma yake kuna wagema wengi. Tembo likishuka mnazini alfajiri, likawa jeupe kidogo, tamu, na povu jepesi, ni *tembo tamu*. Hilo ndilo linaloumua mikate. Kuanzia hapo saa zinalibadilisha. Hamira iliyomo hewani na kibuyuni inakula sukari, na kufika jioni ni *tembo kali*, kali ya kulevya. Likiachwa siku kadhaa ukali unageuka wa menoni na mwisho wake ni siki. Kibuyu kikiwa hakikuoshwa, safari hiyo yote inakwenda haraka, tembo la asubuhi linafika saa nne likiwa limeshakuwa kali.

Tazameni kazi ya mgema mwenyewe, neno hilo linatumika mara mbili katika dakika moja. Amepanda na kotama, kisu kile kipana kilichopinda. Analikata karara, ala ya maua ya mnazi, kipande chembamba sana, kama ukucha. Kotama lazima iwe kali, maana ikiwa butu inaponda badala ya kukata, mishipa ya karara inaziba na utomvu unakatika. Kisu kikiwa kikali kinatoa tembo tamu, na tembo tamu likingoja linakuwa kali. Mgema hachanganyikiwi hata kidogo, kwa sababu kila mara anataja kitu chenyewe: kotama kali, tembo kali.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna tahadhari moja kwa chupa zako. Hapa Malindi "kali" peke yake kwenye chupa humkumbusha mtu kileo, kama vile "pombe kali" au "mnazi mkali". Ukitumia siki, itaje kwa jina kwenye orodha ya viungo, siki ya mnazi au siki nyeupe. Wapo watakaouliza, na wana haki ya kujua kabla ya kununua.

Neno jingine la kuepuka ni ukakasi. Huo ni wa bibo na ndizi mbichi, unaokausha ulimi na kuukunja. Embe changa sana linao kidogo, likiingia kwenye achari ni kosa la kuchuma mapema, si ladha ya kutangaza. Hata kahawa tungu ya wauzaji wa mabirika, kwa uchungu wake haiitwi kali. Ni tungu, chungu, na hilo ni jambo jingine.

jiko_la_langoni

Kotama, ahsante, hilo la ukakasi lilinipita. Embe lililochumwa kokwa ikiwa bado utando mtupu ndilo lenye ukakasi. Linalofaa ni lenye kokwa iliyoanza kushika umbo.

bizari, pendekezo langu ni uite ukali kwa jina la anayeuma. Kibandiko cha chupa ya upole kisomeke hivi:

ACHARI YA EMBE BICHI
Ukali wa embe. Pilipili kidogo.

Na cha ya pili:

ACHARI YA EMBE BICHI
Ukali wa embe. Inawasha sana.

Andika "inawasha", si "yawasha". Yetu yapendeza masikioni huku, lakini chupa inakwenda mpaka Nairobi. Pembeni chora pilipili 1 kwa ya upole na 3 kwa ya kuwasha, picha inamfikia hata asiyesoma. Ila pilipili ichorwe nyembamba, ile ya kichaa. Ukichora nene wa Nairobi wataona hoho, na hoho kwao haiwashi. Wazee wa pwani wakisema pilipili hoho walikuwa wakimaanisha ile ya kuwasha, kwa hiyo jina hilo usiliandike kabisa.

Pilipili za picha zisiwe za kukisia. Mwaka 1912 Wilbur Scoville, mtaalamu wa dawa wa Marekani, alipima ukali wa pilipili kwa kuizimua katika maji ya sukari mpaka waonjaji wasiuhisi tena. Jikoni fanya kwa udogo: kijiko 1 cha chai cha mafuta ya achari kwenye kikombe cha mtindi, waonje watu 5 wasiojua ni chupa ipi. Wakiwashwa bado, hiyo si ya pilipili 1.

bizari_malindi

Allah awajaze kheri. Mchoraji amesoma uzi wote na amekubali kuiondoa KALI juu. Ameomba abaki nayo kwenye bango la dukani, "Achari ya pilau kali", ili kali ishikamane na pilau. Naona hapo imekaa.

Viungo, uzito na tarehe viko nyuma ya chupa. Rasimu ya mbele ndiyo hii, niangalizieni kabla haijakwenda kwa mchapaji:

ACHARI YA EMBE BICHI
Ukali wa embe. Pilipili kidogo.
Tumechagua embe mbichi, ngumu, za Malindi.

maalim_sarufi

Mstari wa kwanza una "embe bichi", wa tatu una "embe mbichi". Wa kwanza ni LI-YA, wa tatu ni I-ZI. Kali isingekufichua, maana haibadiliki kati ya embe hili kali na embe hii kali, lakini -bichi imekufichua. Chagua moja. Ukipenda ya pwani, andika "achari ya embe mbichi" juu na uuache wa tatu ulivyo. Ukipenda ya vitabu, wa tatu uwe "maembe mabichi, magumu, ya Malindi". Kwa nafasi ya kibandiko ya kwanza ni fupi, nami ningeichukua hiyo.